Asante, dereva wa lori wa Kanaba

Kaka, hukuniachia jina, kwa hiyo nakushukuru hapa. Ulitukuta kwenye mlima wa Kanaba, njia ya Kisoro kwenda Kabale, Uganda. Pikapu yangu ya otomatiki ilikuwa ikivuta trela la viazi, na geji ya joto la giaboksi ilikuwa imepita nyuzi 120. Ukaweka jiwe nyuma ya tairi, ukasema injini isizimwe, gia iwe nyutro, ili oili ya giaboksi iendelee kuzunguka kwenye kipoza, kifaa kinachoipunguzia joto. Ukachomoa kijiti cha kupimia oili hiyo, ukainusa: nyekundu bado, haijaungua. Kisha ukapiga magoti, ukakwangua kwa vidole matope yaliyoziba kipoza mbele ya rejeta. Tulipoondoka kwa gia ndogo ulinifuata nyuma mpaka geji ikashuka karibu na 90. Pesa ulikataa. Madereva wenzangu, mkiona trela limekwama mlimani, simameni.