Linki ya Utafutaji Inayofunguka Bila Matokeo: Kwa Nini Kuirekebisha Kunalipiwa

Lalamiko hili haliishi. Mwenye tovuti ya nyumba za kupanga anatafuta bedsita Kasarani, chini ya shilingi 12,000, anaridhika na anachokiona, ananakili linki na kumtumia mteja WhatsApp. Mteja akifungua anakuta nyumba zote za Nairobi, za Karen, mtaa wa matajiri, zikiwa mbele. Kisha sisi mafundi wa tovuti tunaulizwa kwa nini tunatoza pesa kwa ajili ya "linki tu".

Angalia anwani juu ya kivinjari baada ya kutafuta. Ikiwa bado ni /nyumba, ulichotafuta kimebaki kwenye simu yako au kwenye seva, na simu ya mteja haina habari nacho. Ingepaswa kuwa /nyumba?eneo=kasarani&aina=bedsita&bei_juu=12000&ukurasa=2.

Mara nyingi chanzo ni fomu iliyowekwa POST, njia inayotuma ulichojaza bila kukiandika kwenye anwani. Ukipakia ukurasa upya, kivinjari kinauliza kama utume fomu tena. Fomu ya kutafuta iwe GET, njia inayokiandika kwenye anwani. POST iachiwe malipo na usajili. Hapo mabadiliko ni machache, na bei yetu ni ndogo.

Kazi iko kwenye tovuti zinazobadilisha matokeo kwa JavaScript, yaani programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari bila kupakia ukurasa upya. Kila kichujio (eneo, aina, bei) kiandikwe kwenye anwani kwa pushState, amri inayoongeza anwani mpya kwenye historia ya kivinjari, halafu ukurasa unapofunguka uisome anwani hiyo na kujaza vichujio kabla ya kuleta nyumba. Mafundi wa bei ya chee huishia nusu ya kwanza: linki inapendeza machoni, matokeo hayaji. Lazima pia popstate, taarifa ya kivinjari kwamba mtu amerudi nyuma, isikilizwe, la sivyo ukirudi nyuma anwani inabadilika na nyumba zinabaki zilezile. Mtu anapochapa, tumia replaceState, inayobadilisha anwani iliyopo bila kuongeza nyingine kwenye historia. Bila hivyo atabonyeza kurudi mara nane kufuta "kasarani" herufi kwa herufi.

Alama nazo husumbua. Akitafuta "maji & stima", hiyo & iandikwe %26 (msimbo wake, kwa kuwa yenyewe hutenganisha vichujio kwenye anwani), ama seva itasoma "maji" na kuacha stima. URLSearchParams, zana ya JavaScript, hufanya kazi hiyo yenyewe, basi hakuna sababu ya kuunganisha maneno kwa mkono.

Wengine hukimbilia huduma za kufupisha linki. Linki isiyo na kitu ukiifupisha bado haina kitu. Kibaya zaidi ni kubandika kwenye anwani namba ya kikao, ile inayoitambulishia tovuti aliyeingia kwenye akaunti: linki itafanya kazi, ila anayeipokea anaweza kuingia kwenye akaunti yako. Hata namba za simu na za vitambulisho zisiwekwe humo, kwa sababu anwani hubaki kwenye historia ya kivinjari na kwenye rekodi za seva.

Na tuelewane: linki hubeba swali, si majibu. Nyumba ikishapangwa, itatoka kwenye orodha.

Kabla ya kumlipa fundi yeyote, sisi tukiwemo, chuja bei, nenda ukurasa wa pili, nakili linki, ifungue papo hapo kwenye simu ambayo haijawahi kuingia tovuti hiyo. Nyumba zikiwa zilezile, kwa mpangilio uleule, lipa.