Pini ya ethi si adui wa gitaa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wa vyombo vya muziki hapa Dodoma, pamoja na wazee wa makanisa wanaowaita. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya huku Chang'ombe.

Septemba mwaka jana, mazoezini, amplifaya yangu ilivuma hadi mwalimu akawa hasikii sauti ya pili. Fundi aliyeitwa akang'oa pini ya ethi kwenye plagi, ile inayopeleka ardhini umeme unaovuja. Mvumo ukakata, tukampigia makofi. Jioni ileile, vidole vikiwa kwenye nyuzi, nilisogea kuitikia kiitikio na mdomo ukagusa maikrofoni. Shoti iliyonipiga ilinitupa chini.

Nyuzi za gitaa zimeungwa na ethi ya amplifaya. Ukiikata, umeme unaovuja ndani ya amplifaya hukosa pa kwenda na kubaki kwenye nyuzi. Siku ile ulipita kwangu, kwa sababu maikrofoni ilitoka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) yenye ethi nzima. Nina watoto watatu, Mhariri. Na bado naona vijana wakichomeka plagi ya pini mbili kwa kusukuma kijiti kwenye tundu la juu la soketi, ambalo ndilo la ethi!

Mvumo wenyewe tuliupata baadaye. Amplifaya ilichomekwa madhabahuni, mikisa kule mlangoni kwenye soketi nyingine, na kebo ikaviunganisha. Ethi zikawa na njia mbili, zikafanya duara, na duara hilo likaleta mvumo wa umeme wetu wa hezi 50. Tulivuta ekstensheni moja ikalisha vyote viwili, ukaisha karibu wote. Mikisa ikiwa mbali mno, kuna kiboksi cha DI, kinachopitisha sauti ya chombo kwenda kwenye mikisa, chenye swichi inayokata ethi ya waya wa sauti peke yake, ya umeme ikabaki.

Uliobaki ulikuwa wa gitaa. Ni rahisi kujua: punguza volyumu ya gitaa hadi sifuri, mvumo ukipotea basi unaingilia kwenye gitaa. Pikapu zangu, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, ni za koili moja (waya uliozungushwa), zinanasa kila kitu, na juu ya kichwa changu kulikuwa na taa ya tyubu. Nikigeukia dirishani unapungua. Dawa yake ni pikapu ya koili mbili, ambayo Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliibuni mwaka 1955 kwa kazi hiyohiyo: koili moja inaufuta mvumo wa mwenzake.

Jambo la mwisho ni letu wa Dodoma. Kuanzia Mei hadi Novemba ardhi yetu inakauka kabisa, na ethi rodi, ile nondo ya ethi inayopigwa ardhini, iliyopigwa futi mbili pembeni ya ukuta inakuwa imesimama kwenye vumbi. Hapo hata plagi yenye pini zote haikulindi ipasavyo. Wazee mnaojenga makanisa mapya Nkuhungu na Ihumwa, mwambieni fundi umeme aishushe rodi chini zaidi, kisha aje na kifaa chake aipime mwezi Oktoba. Asiipime Februari udongo ukiwa umelowa.

Mpiga gitaa wa kwaya,
Chang'ombe, Dodoma