Viatu vya laki nne vimekufa kwa wiki tano: si feki, na hukuibiwa

Jumamosi iliyopita baba mmoja aliingia dukani, akafungua kaveera, mfuko wa plastiki, na kunimwagia mezani pea ya viatu vya pointi, vile vya kuchezea baleti. "Dada, laki nne yangu hii hapa. Mtoto amevaa wiki tano tu. Umeniuzia feki." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Ni mfanyabiashara wa soko la Kikuubo, asili yake Kigoma, anajua bei ya kila kitu mjini Kampala, na alishaamini kwamba Mswahili mwenzake amemla hela.

Nilikichukua kimoja, nikabonyeza boksi, ile sehemu ngumu ya mbele, kwa kidole gumba, likabonyea kama embe lililoiva. Nikaikunja shanki, uti wa chini ya unyayo, ikakubali bila ubishi. Viatu vilikuwa vimekufa kweli. Lakini vilikufa kazini. Binti alikuwa ametoka kwenye programu ya kiangazi, yaani mafunzo mazito ya baleti, huko Ulaya, wiki tano, siku sita kwa wiki, tangu asubuhi hadi jioni. Alikwenda na pea moja, wakati mimi nilimwandikia baba yake kwenye karatasi kwa mkono wangu: pea tatu, na akiweza nne.

Huu ni mwaka wa nne nasikia lalamiko hilo kila Agosti, kwa hiyo leo naliandika lote nikalimaliza.

Kwa mzazi ambaye ndiyo kwanza anaanza: viatu vya pointi ndivyo vile vya satini ambavyo binti huvaa ili asimame juu ya ncha za vidole. Wazazi wengi hudhani ndani mna mbao au chuma. Mezani kwangu nina kimoja nilichokipasua katikati kwa msumeno wa chuma, na kila anayekuja namwonyesha. Lile boksi linaloshika vidole ni tabaka za nguo ngumu kama ya gunia, turubai na karatasi, zimebandikwa kwa gundi na kuachwa zikauke. Shanki mara nyingi ni kadibodi ngumu au ngozi. Basi. Baba yangu alikuwa fundi viatu Tanga, kiatu chake unakivaa miaka kumi, na siku ya kwanza nilipopasua cha pointi nilikasirika kama huyu baba wa Kikuubo. Karatasi! Kwa bei hii!

Nilielewa baadaye, nilipoanza kukaa madarasani kuangalia miguu. Kiatu hicho kinatakiwa kiwe kigumu cha kubeba uzito wote wa mtoto kwenye kijukwaa kidogo kuliko kizibo cha mtungi, na hapo hapo kikunjike pamoja na unyayo wake anaposhuka. Jasho na joto huilegeza gundi, mkunjo huivunja shanki. Mcheza wa jukwaa kubwa anaweza kumaliza pea katika onyesho moja tu. Binti wa hapa Kampala anayevaa dakika arobaini mara mbili kwa wiki atakaa nayo miezi. Mpeleke programu ya kiangazi, ile miezi inakuwa wiki mbili, akiwa mwepesi labda tatu. Wapo watengenezaji kama Gaynor Minden wanaotumia plastiki maalumu badala ya gundi na karatasi. Vinadumu zaidi, bei nayo inapanda, na si kila mwalimu anavikubali kwa mtoto anayeanza. Muulize mwalimu kabla hujaniuliza mimi.

Na hiyo kaveera, jamani. Viatu vikitoka darasani vimelowa jasho, ukavifungia kwenye kaveera katika mji huu wenye unyevu wa ziwa, hadi Jumatano vinatoka vimelegea na vinanuka. Mtoto atoe pamba za vidole, afungue kiatu, akitundike penye hewa. Akiwa na pea mbili za kupokezana, kila moja ikapata siku mbili za kukauka, zinakaa muda mrefu kuliko kuvaa moja mpaka ife ndipo aanze ya pili. Nimeliona kwa watoto wengi kiasi kwamba sibishani tena na mtu.

Sasa nije kwenye njia ya mkato inayonikosesha usingizi kuliko zote: "nipe namba moja juu, atakua navyo."

Naielewa. Sisi sote tulivalishwa hivyo. Sare ya shule inashonwa na pindo la miaka mitatu, viatu vya Bata vinajazwa gazeti mbele. Mzazi anayefanya hivyo ni mzazi makini, wala si bahili. Lakini kiatu cha pointi kikiwa kikubwa, mguu unateleza ndani mpaka chini kabisa, na uzito wote unaangukia kidole gumba kimoja. Mwaka juzi mama mmoja wa Ntinda alikataa namba niliyompimia binti yake, akaagiza kubwa zaidi mtandaoni kwa sababu ilikuwa nafuu kwa elfu themanini. Baada ya mwezi walirudi. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi kama mkaa na umeanza kuachia. Mtoto alikaa wiki sita bila darasa, na mama akanunua pea ya pili kwa bei yangu ile ile. Elfu themanini ilikwenda wapi?

Vya soko la Owino, vilivyokwisha kuvaliwa, ni hadithi hiyo hiyo, mbaya zaidi. Mivumba, yaani mitumba, ninaipenda, nusu ya nguo zangu zimetoka pale. Mnunulie mtoto hata koti la baridi la safari, utapata zuri. Lakini kiatu cha pointi kilichovaliwa kimeshakunjika kufuata mguu wa mtu mwingine, na kwa kawaida kilitupwa kwa sababu kimekufa.

Watu pia hunung'unika juu ya ada ya kupima. Ni shilingi 50,000, na ukinunua siku hiyo naikata kwenye bei. Usiponunua hairudi. Hapa ndipo mama mwingine aliniandikia kwamba nimemtapeli, maana alilipa na akatoka mikono mitupu. Ni kweli alitoka mikono mitupu. Binti ana miaka tisa, anacheza mwaka wa pili, na mwalimu wake hakuwa amesema neno. Nilimwambia asimame kwa mguu mmoja, goti limenyooka, apande na kushuka kisigino mara kumi na sita. Mara ya sita kifundo kilianza kutetemeka na kulala nje. Mifupa ya mguu wa mtoto wa umri huo bado ina sehemu laini zinazokua. Walimu wengi husubiri hadi miaka kumi na moja au kumi na miwili, na hata hapo huangalia nguvu na miaka ya mazoezi, kwani umri peke yake hautoshi. Ningeweza kumuuzia. Laki nne ingeingia, mama angefurahi, na mtoto angeniponza mimi na mwalimu wake. Ile elfu hamsini ililipa saa nzima ya kazi, na jibu la "bado" ni kazi pia.

Kupima kwenyewe kukoje? Namtaka mtoto aje mchana, baada ya mguu kufanya kazi, kwa sababu asubuhi huwa mwembamba. Kucha zikatwe siku mbili kabla. Naangalia kidole kipi kirefu, maana mwenye kidole cha pili kirefu kuliko gumba anahitaji boksi tofauti. Namvalisha, anapiga plie, yaani anakunja magoti, miguu imetanuka. Hapo mguu ndipo unapojinyoosha wote, vidole viguse mwisho wa kiatu bila kujikunja. Kisha anapanda juu huku ameshika nguzo, nami napiga magoti nikifinya satini pale kisigino. Ninatafuta mkunjo mdogo, wa kushikika kwa ncha za vidole viwili. Ukikosekana, kiatu kinambana. Ukizidi, kinampwaya. Halafu namuuliza, "Unasimama juu ya nini?" Akisema "kidole gumba" tunavua. Akisema "sijui, vyote" tunaendelea. Pea tano, sita, wakati mwingine kumi na moja. Zile asizochukua zimebaki kwangu, zimenunuliwa, zimesafirishwa hadi Entebbe, zimelipiwa ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, na zinasubiri mguu mwingine ambao huenda usije mwaka mzima. Hiyo ndiyo bei mnayoiita ya kuruka. Anayekuuzia mtandaoni hana rafu ya namba zote, na hapigi magoti.

Kazi nyingine ninayojivunia ni rangi. Kwa miaka mingi satini ilikuwa ya waridi tu, na mtoto mweusi alionekana kama amekatwa mguu kifundoni na rangi isiyo yake. Watengenezaji wa viatu Freed of London walishirikiana na Ballet Black, kundi la Uingereza la wacheza baleti weusi na wa Asia, kutoa viatu vya kahawia mwaka 2018, lakini namba si rahisi kuzipata hapa, kwa hiyo napaka mwenyewe: poda ya uso inayolingana na ngozi ya mtoto, sponji yenye unyevunyevu tu, tabaka nyembamba mbili au tatu, kila moja ikauke. Natoza 30,000. Kuna mama aliona ni nyingi akachemsha majani ya chai, sufuria nzima, akaviloweka usiku kucha. Rangi ilitoka nzuri sana, nakiri. Boksi lilikuwa uji.

Turudi kwenye programu za kiangazi, maana kila mzazi anazisikia sasa. Wengi hunitajia yule kijana wa Lagos, Anthony Madu, aliyeonekana kwenye video ya mwaka 2020 akicheza mvuani, pekupeku juu ya saruji, na milango ikafunguka. "Mbona yeye hakuhitaji viatu vya laki nne?" Kwanza, viatu vya pointi kwa kawaida ni vya wasichana. Pili, nyuma ya ile mvua kulikuwa na mwalimu, Daniel Ajala, aliyemfundisha bila malipo katika shule yake ya Leap of Dance. Tatu, mafunzo ya kwanza aliyopewa na American Ballet Theatre, kundi kubwa la baleti la Marekani, kiangazi kile yalikuwa ya mtandaoni. Baadaye ndipo alipokwenda shule ya baleti ya Elmhurst, Birmingham, Uingereza. Video ilifungua mlango wa mtoto ambaye tayari alikuwa anafundishwa vizuri.

Na kiangazi chao si likizo yetu. Programu nyingi ni Juni hadi Agosti, na hapa Uganda hiyo ni muhula wa pili, mtoto yuko darasani. Wa shule za kimataifa wanaweza kuwa huru, wengine lazima mzungumze na mwalimu mkuu mapema, kabla ya kulipa chochote. Mtoto wa P7, darasa la saba, namwambia mzazi wazi: mwaka huu asiende, PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya Novemba haimsubiri mtu. Usaili wa programu nyingi huwa kati ya Januari na Machi, wengi kwa video, hivyo likizo ndefu ya Desemba ndiyo ya kujiandaa. Simu ilazwe kwa upana, mwili wote uonekane, mwanga utoke mbele. Niliwahi kuletewa video iliyopigwa uani, nzuri kweli, ila majani yalifika kwenye vifundo. Wasaili wanatafuta miguu, na miguu ilikuwa kwenye nyasi.

Hesabu ya fedha, mzazi, usiishie kwenye ada. Kuna malazi, tiketi, viza, bima, na barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili kwa mtoto anayesafiri peke yake. Ukishajumlisha hayo yote, ndipo unakuja kubana kwenye viatu? Mtoto aliyefika na pea moja iliyokufa wiki ya pili anakaa pembeni ya chumba akitazama wenzake. Ndivyo ilivyokuwa kwa binti wa Kikuubo. Wiki tatu za mwisho alifanya sehemu ya pointi kwa viatu laini, na hakumwambia baba yake kwa sababu alijua tiketi iligharimu nini.

Baba alilisikia hilo mezani kwangu, kutoka kwa binti mwenyewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake muda wote. Alikaa kimya, akakichukua kile kiatu nilichokipasua, akapitisha kidole kwenye tabaka za karatasi moja moja kama mtu anayehesabu noti. Akauliza, "Kwa hiyo pea nne ni milioni moja na laki sita?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba anaweza kulipa pea moja kila miezi miwili kuanzia sasa, nimwekee, ila ya mwisho tuipime Mei kwa sababu mguu wa binti bado unakua.

Mpango huo upo kwa kila mzazi. Napima Jumamosi kuanzia saa nane mchana, kwa miadi. Njooni na neno la mwalimu, na viatu vya zamani hata kama vimekufa, maana vinanionyesha mtoto anaegemea wapi.