Maswali na Daftari Vitangulie Mashine

Mhariri,

Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu, mama wa watoto wanne anayeuza mboga Kayole, hadi kliniki moja hapa Nairobi, baada ya kuficha kwa miaka mingi kwamba mkojo humtoka kila anapokohoa au kuinua gunia. Kabla hajamaliza kueleza, aliandikiwa kipimo cha shinikizo la kibofu, kile ambacho mrija mmoja huingizwa kibofuni na mwingine kwenye njia ya haja kubwa, kwa pesa ambazo hakuwa nazo. Alirudi nyumbani na aibu yake, akakaa miezi mingine bila tiba yoyote.

Kipimo hicho kina kazi yake, lakini si cha kuanzia. Mkojo unaotoka kwa kikohozi na ule unaotanguliwa na haja ya ghafla isiyozuilika ni matatizo mawili, na wapo wenye yote mawili kwa pamoja; anayeyatenganisha kwanza ni mhudumu anayeuliza na kusikiliza. Kijiti cha kupimia mkojo huonyesha dalili za maambukizi au sukari. Daftari la siku tatu, ambamo mwanamke huandika alichokunywa, saa alizokwenda haja ndogo na nyakati mkojo ulipomponyoka, humweleza daktari mambo ambayo mashine haiyaoni. Kisha akohoe kibofu kikiwa kimejaa, na baada ya kukojoa apimwe kwa altrasaundi kiasi kilichobaki.

Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 630 waliosubiri upasuaji wa mkojo wa kikohozi usio na utata. Nusu walipimwa shinikizo la kibofu, nusu wakachunguzwa kwa njia za kawaida tu. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalikuwa yamefaulu kwa asilimia 76.9 ya kundi la kwanza na 77.2 ya kundi la pili. Ikiwa hata kabla ya kisu hali ni hiyo, sioni sababu ya kumtoza mama wa mboga kipimo hicho kabla hajafundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, ambayo hupaswa kujaribiwa kwa angalau miezi mitatu.

Wapo wanaokihitaji kweli: aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa tatizo hilo, ambaye kibofu chake hakitoi mkojo wote anapokojoa, au ambaye dalili zake hazieleweki. Yule anayevuja usiku na mchana baada ya uchungu wa muda mrefu wa kujifungua anahitaji kwanza kuchunguzwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na rangi ya buluu ikitiwa kibofuni inaweza kuonyesha tundu lilipo.

Naziomba zahanati za kaunti yetu ziwe na vijiti, karatasi za daftari hilo na chumba chenye mlango unaofungika, maana hakuna mwanamke atakayekubali kukohoa na kibofu kilichojaa nyuma ya pazia lililochanika huku foleni ikisikiliza.

Msomaji wenu,
Kayole, Nairobi