Risala ya Watunza Kumbukumbu na Nyaraka wa Vyuo Vikuu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, mabibi na mabwana,

Kiongozi wa chuo anapokabidhi ofisi, magari huhesabiwa na samani huhesabiwa. Majalada hayahesabiwi. Katibu muhtasi huambiwa aachie kabati, karatasi zinafungwa kwa kamba na kupelekwa stoo, na mrithi anafungua jalada jipya lenye namba ileile. Hapo ndipo mihtasari ya Baraza na Seneti, barua za Wizara na rasimu za hotuba hupotelea.

Mheshimiwa, kanuni yetu ya kwanza ni kutochanganya. Mfano ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza Oktoba 1961 mtaa wa Lumumba kikiwa chuo kishiriki chini ya Cranford Pratt, akafuata Wilbert Chagula mwaka 1965. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo na Pius Msekwa Makamu wake. Karatasi za kila utawala zikae peke yake, kwa mpangilio ulioachwa na ofisi yenyewe. Pratt na Chagula walikuwa Maprinsipali, yaani watendaji wakuu wa chuo kishiriki. Mtunzi wa orodha akiandika "Mkuu wa Chuo", msomaji wa leo atadhani walikuwa na cheo kilekile cha Mwalimu Nyerere. Kosa la neno moja hilo hupoteza siku nzima ya mtafiti.

Matukio ya kampasi ni magumu zaidi. Maandamano ya wanafunzi ya tarehe 22 Oktoba 1966, kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliwafukuzisha mamia. Siku kama ile huacha karatasi kwa mkuu, kwa mshauri wa wanafunzi, kwa msajili na kwa mpiga picha. Tusizing'oe zilipo ili kutengeneza "jalada la mgomo". Tuandike rejea inayoonyesha kila ofisi ina nini.

Picha za mahafali ziandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini: tarehe, tukio, majina kuanzia kushoto. Kalamu ya wino hupenya hadi mbele. Kazi hii ifanyike mwaka uleule. Baadaye waliosimama mstari wa nyuma hakuna atakayewatambua.

Kuhusu chumba: unyevu ukizidi asilimia 65 kuvu huota, na pwani hatuukosi. Kiyoyozi kinachozimwa saa tisa na nusu alasiri kila siku kina madhara yake, kwa sababu unyevu hupanda na kushuka. Pini na stepla zing'olewe kabla hazijapata kutu. Rafu ya chini iwe walau sentimita 15 juu ya sakafu. Bomba likipasuka ndipo utajua kwa nini.

Barua pepe nazo ni kumbukumbu. Akaunti ya anayeondoka isifungwe kabla hazijanakiliwa, nakala tatu, moja nje ya jengo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002 hairuhusu kuteketeza ovyo. Tunaomba hati ya makabidhiano iwe na orodha ya majalada, iliyosainiwa na mtunza kumbukumbu. Tunaomba pia vipima unyevu na maboksi yasiyo na tindikali. Rangi ya ukuta inaweza kusubiri.

Naomba kuwasilisha.