Chakula cha bibi yako

Mwanangu,

Tiketi ya Jumamosi imeshakatwa, kwa hiyo sibishi tena kuhusu bibi kuja kuishi kwako Dar. Umefanya jambo ambalo kaka zako wanaliongea tu. Ila chakula chake usikibadilishe ghafla. Naandika kwa sababu kwenye simu tungeishia kugombana.

Friji lako nalijua: soseji na juisi za boksi. Bibi yako amezeekea kwenye kiburu cha ndizi na maharage, mboga za kihambani na maziwa mgando. Bakteria wa tumboni mwake wanaishi kwa nyuzinyuzi za hizo ndizi, maharage na mboga. Wakizila hutoa butireti, ambayo seli za utumbo mpana huitegemea kama chakula, na inasaidia kutuliza kinga ya mwili isiwake ovyo. Kinga ya wazee huwaka chinichini hata bila ugonjwa.

Usiseme ni maneno ya kijijini. Watafiti wa hospitali ya KCMC hapa Moshi na wenzao wa Uholanzi walifanya jaribio kwa wanaume 77 wenye afya, matokeo yakatoka 2025. Wa kijijini waliokula vya mjini wiki 2, damu yao ilionyesha kinga imewaka. Wa mjini waliokula vya asili, ikatulia. Na hao ni vijana! Wengine walipewa mbege, pombe yetu ya ndizi, wiki moja, nao ikawafaa. Hilo baba yako asilisikie.

Kule Ayalandi waliwapima wazee 178 mwaka 2012. Waliokaa kwenye makao ya wazee, wakila vyakula vya aina chache, bakteria wao nao walikuwa wa aina chache, na miili ilikuwa dhaifu zaidi. Kipi kilianza, udhaifu au tumbo, ni vigumu kusema. Mimi sitaki ujaribu kwa bibi yako.

Akinuna siku nzima usikimbilie kusema ni uzee. Tumbo na ubongo vinawasiliana kwa mshipa wa fahamu uitwao vagasi, na kwa damu pia. Muulize kwanza kama amepata choo. Wewe huwa huulizi, unaona aibu.

Akikohoa, usinunue antibayotiki duka la dawa kwa kukisia. Zinaua na bakteria wazuri, na kwa mzee hapo ndipo bakteria mbaya aitwaye Clostridioides difficile hupata nafasi, na kuharisha kwake kunaweza kuua. Daktari ndiye aandike.

Nakurudia: ndizi, maharage, mchicha. Ukitaka kumwonjesha vya kwako, kidogo kidogo.

Nampa konda mkungu wa mshare na maharage debe moja. Umlipe mzigo ukifika. Mgando utaharibika njiani, tafuta huko usio na sukari. Chaja ya simu ya bibi imekatika, nunua nyingine kabla ya Jumamosi. Na hela ya pumba bado hujatuma, ng'ombe anakaribia kuzaa.

Mama yako