Sindano za makunyanzi si kazi ya saluni

Kwa Mhariri,

Mdogo wangu alienda saluni moja hapa mjini kusukwa, akatoka amedungwa sindano pembeni mwa macho. Aliambiwa ni "dawa ya makunyanzi", basi. Siku ya tano kope la jicho la kulia likalala kama pazia lililokatika uzi. Wiki kadhaa alivaa miwani ya jua hata jikoni.

Dawa ya makunyanzi inayojulikana zaidi ni Botox, sumu ya bakteria inayotiwa kwa kiasi kidogo mno. Hulegeza misuli, na ikisambaa pasipotakiwa, kope huanguka. Marekani iliiidhinisha kwa mikunjo ya pembeni mwa macho mwaka 2013. Tena nguvu zake huisha baada ya miezi mitatu au minne, urudi na pesa nyingine! Hiyo ni kazi ya daktari, si ya msusi, hata awe na mkono mwepesi vipi.

Maafisa wa afya wa kaunti wapite saluni hizi waulize: chupa zimetoka wapi, anayedunga ana leseni gani?

Mimi ngozi yangu naipaka mafuta ya kukinga jua, na saa saba mchana Mwembe Tayari sipiti bila mwavuli.

Msomaji,
Majengo, Mombasa